Mfuateni Ubao

Msomaji, najua umenisema wiki nzima. Umesema mwandishi huyu hana huruma, anamwacha mwanamke wa watu mlangoni mwa behewa, fimbo ya baba yake mkononi, halafu anakwenda zake kulala. Haya, tumerudi. Usinune.

Alikuwa pale pale tulipomwacha. Treni ya kutoka mbali ilikuwa imesimama jukwaa la nne, tupu. Kwenye kiti cha dirishani ulikuwepo mfuko wa chakula, haujafunguliwa. Fimbo aliikuta imeegemea pembeni. Mwenye fimbo hakuwepo.

"Baba!" aliita. "Baba ee!"

Kwa anayejiunga nasi leo, nisimzungushe. Mwanamke huyu ni mshonaji kwenye kiwanda cha sare za shule, na stesheni nzima inamwita Ubao. Jina walimpa abiria wenzake. Ule ubao wa umeme unaoning'inia ukumbini, unaotakiwa kusema treni gani inaingia jukwaa gani, husema uongo mchana kweupe, na siku ukichoka kusema uongo huzimika. Vipaza sauti navyo, kimya. Lakini huyu mama, kila asubuhi, kitambaa chake cha njano kichwani, hutembea moja kwa moja hadi jukwaa ambalo treni ya viwandani itaingia. Hakosei. Basi watu wakaacha kutazama ukutani, wakawa wanatazama kichwa cha njano. Kikienda, nao wanakwenda.

Hakuwa na uganga wowote. Alikuwa anamtazama mshika bendera. Yule bwana hunywa chai yake akiwa ameshasimama kwenye jukwaa atakalofanyia kazi, na kikombe chake chekundu cha bati unakiona hata ukiwa darajani. Ndiyo siri yote.

Leo hakuja kupanda treni. Alikuja kumpokea baba yake, ambaye tangu mwaka jana akili yake inakuja na kuondoka kama umeme wa mtaani. Isitoshe mzee ana sukari. Kabla ya safari alichomwa sindano yake, na mtu akishachomwa sindano ile lazima ale. Chakula ndicho hicho, kwenye mfuko, kwenye kiti.

Ubao wa ukutani ulisema treni yake itaingia jukwaa la kwanza. Ikaingia la nne. Na mshika bendera wa treni za mbali ni mwingine kabisa, tena hanywi chai. Mpaka mama wa watu anavuka daraja mbio, mzee alikuwa ameshashuka.

Mfagiaji alichungulia kutoka behewa la pili. "Unamtafuta mzee wa koti la kahawia?"

"Ndiye! Ameenda wapi?"

"Amepanda darajani. Kaniuliza, 'Hapa ndipo?' Nikamwambia ndipo, mzee wangu, wewe fuata watu."

"Watu gani?"

Mfagiaji akainua mabega. Watu ni watu.

Ubao akageuka, na kwenye ngazi akakumbana na watu wake. Kundi zima la viwandani lilikuwa limemfuata kutoka jukwaa la kwanza, wanahema, mabegi ya chakula cha mchana yanawapiga mapajani.

"Ubao, ni huku?"

"Sijui! Leo nina shida zangu, jamani, nipisheni!"

Nani alimsikia? Waliokuwa mbele walisikia nusu, waliokuwa nyuma hawakusikia kitu. Walichoona ni kichwa cha njano kinapanda ngazi kinakimbia. Na kwenye stesheni ile, mtu anayekimbia anajua jambo. Wakageuka wote, wakakimbia naye.

Akiwa juu ya daraja, Ubao aliona koti la kahawia linaingia kwenye treni iliyosimama jukwaa la pili. Alishuka ngazi mbili mbili, akajitosa ndani, akalishika lile koti begani.

"Baba!"

Aliyegeuka alikuwa kijana mwenye ndevu. "Mama, vipi tena?"

"Samahani. Samahani, baba."

Akapenya katikati ya viti, akatokea mlango wa mbele, akaruka chini. Nyuma yake sauti zilikuwa zinapokezana jukwaani: "Ubao kapanda! Kapanda huyo, twendeni!" Watu wakasukumana kuingia kama maji yanayotafuta mfereji. Milango ikafungwa. Treni ikaondoka.

Ubao hata hakuitazama. Macho yake yalikuwa kwenye benchi, kwenye nguzo, chini ya ngazi. Wewe msomaji umeshaelewa kilichotokea, na ungekuwepo ungepiga kelele. Yeye alikuwa anamtafuta baba.

Alikimbilia dirisha la maulizo. Limefungwa, na karatasi imebandikwa kwenye kioo: Kwa maulizo nenda dirisha la tano. Dirisha la tano lilikuwa na karatasi yake: Kwa taarifa za treni tazama ubao. Akainua macho kutazama ubao. Ulikuwa unaonyesha treni za jana.

Simu ikalia. Kaka yake mkubwa.

"Umeshampokea mzee?"

"Nimempokea nani? Kaka, umempakia baba peke yake?"

"Nilibanwa, mdogo wangu. Shughuli zilinizidi. Lakini nilimwelekeza vizuri! Nilimwambia ukishuka tu, tafuta kitambaa cha njano. Ukikiona, huyo ndiye mwanao, kifuate."

"Baba hakumbuki kama amekunywa maji, wewe unampa maelekezo?"

"Sasa usinipandishie sauti, mimi ni mkubwa wako."

"Ukubwa wako ungepanda naye treni!" Akakata simu. Tangu azaliwe hakuwahi kumkatia kaka yake simu.

Ubao alimkuta stesheni masta mezani, anapuliza chai. Abiria humwita Bwana Subiri, na mkikaa naye kidogo tu mtajua kwa nini.

"Subiri, mama."

"Nisubiri nini? Baba yangu ana sukari, hajala, na hajui hata yuko wapi!"

"Kuna utaratibu. Mtu akipotea anatangazwa."

"Basi mtangaze."

"Anayetangaza ni mtangazaji. Mtangazaji yuko juu. Na juu abiria haruhusiwi."

Ubao akapanda juu.

Chumba cha mtangazaji ni kidogo, kina vioo pande zote, na ukiwa humo unaona majukwaa yote manne. Aliyekaa pale alikuwa msichana mwenye sauti tamu, sauti ya kutangazia harusi. Alimsikiliza Ubao mpaka mwisho, akabonyeza kitufe, akainamia kipaza sauti: "Anatafutwa mzee mmoja, amevaa koti la kahawia. Atakayemwona amlete ofisi ya stesheni masta."

Ubao alikuwa anatazama chini. Hakuna hata kichwa kimoja kilichoinuka.

"Mbona hawageuki?"

Msichana akaona haya. "Hawasikii, dada. Vipaza vya majukwaani vilikufa kabla sijaajiriwa. Kilichobaki nje ni kimoja, cha kituo cha njia panda, huko mbele kwenye reli ya machimboni, kwa sababu kina waya wake peke yake."

"Kwa hiyo kila siku unamtangazia nani?"

"Bwana Subiri. Cha ofisini kwake kinafanya kazi."

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia mara nyingi. Akanijibu, mbona siku hizi abiria hawalalamiki? Wana yule mama wa kitambaa cha njano, anawatosha." Msichana akamtazama kichwani, halafu akatazama pembeni. "Ni wewe, sivyo?"

Ubao alikigusa kitambaa chake. Ilimuuma. Miaka yote hiyo alidhani anawasaidia watu, kumbe alikuwa anawafunikia wakubwa uzembe wao.

"Dada, huyo mzee," msichana alisema polepole, "hana kofia? Anatembea anaburuza mguu mmoja?"

"Umemwona!"

"Alikuwa amesimama juu ya daraja, ameshika ukingo. Wewe ukapita unakimbia, na lile kundi nyuma yako. Akaondoka pale, akaingia katikati yao. Akapanda nao treni ya jukwaa la pili."

"Treni ya viwandani?"

"Ya machimboni, dada."

"Watu wangu hawaendi machimboni!"

"Leo wamekwenda. Si walikuona unapanda?"

Ubao alizitazama reli tupu za jukwaa la pili. Akakaa sakafuni, fimbo mapajani. Alikuwa amempita baba yake hatua chache tu, watu wamejaa kati yao, na kisha akamchukua kwa mkono wake mwenyewe akampakia treni ya mbali. Kaka alikosea kumwacha peke yake. Lakini aliyempoteza, sasa aliliona, ni yeye.

Simu ikalia tena. Mara hii ilikuwa Mama Vifungo, mwenzake wa kiwandani, ambaye mashine yake imepakana na yake na mdomo wake haujui likizo.

"Ubao! Uko behewa gani? Mbona tumevuka mto? Tangu lini kiwandani kuna mto?"

"Mimi sikupanda."

"Acha utani wako, watu humu wameanza kulia."

"Mama Vifungo, nisikilize kwa Mungu mmoja. Nilipanda nikashuka. Nilikuwa namtafuta baba yangu. Yumo humo humo. Mzee, koti la kahawia, anaburuza mguu. Mtafute, nakuomba, ana sukari na hajala."

Sema utakalo juu ya mdomo wa Mama Vifungo, moyo anao. Ubao alimsikia anapiga watu vikumbo: "Pisha. Pisha, bibi, kuna mgonjwa. We kaka, hilo tumbo lako lipeleke huko."

Halafu: "Nimempata. Amesimama, anachungulia kiti kwa kiti. Mwenzangu, jasho linamtoka, mikono inamtetemeka."

"Mkalishe! Mpe kitu kitamu, chochote, sasa hivi!"

"Nina soda yangu ya mchana. Shika, baba. Kunywa. Kunywa yote, usinibakishie." Ubao alishika simu kwa mikono miwili. "Anakunywa. Anakunywa, Ubao. Haya, sasa anauliza kama kuna nyingine."

Ubao alicheka na kulia kwa pamoja, na yule msichana akalia naye bila kuombwa.

Raha haikukaa. Mlango ukafunguliwa, Bwana Subiri akaingia anahema kwa ngazi zote zile. "Mama, nilikwambia huku hapaingiwi!"

Ubao akasimama. Msomaji, mwanamke huyu hajawahi kumjibu mkubwa, muulize hata msimamizi wake kiwandani. Leo alisimama na fimbo ya baba yake akaigonga chini.

"Ile treni ya machimboni isimamishwe njia panda."

"Haisimami njia panda. Inapita moja kwa moja."

"Leo itasimama. Humo ndani kuna kiwanda kizima cha sare, hakuna hata mmoja anayekwenda machimboni. Wakifika huko hakuna treni ya kurudi mpaka jioni. Watapoteza siku, na kesho watakuja hapa kuuliza nani aliwapeleka. Nitawaleta mimi mwenyewe, na unajua wananifuata. Nitawaleta mpaka mezani kwako."

"Subiri, mama..."

"Sisubiri!"

Bwana Subiri alimtazama mtangazaji, mtangazaji akatazama kitufe chake. Kisha, labda kwa mara ya kwanza tangu avae ile kofia, akafanya jambo bila kuliahirisha. Aliinua simu ya njia panda.

"Isimamisheni ya machimboni hapo. Abiria washuke. Ndiyo, washuke wote wa viwandani." Akatafakari. "Na ile ya kasi inayokuja kwa reli ya pili, itolewe bendera ya njano ng'ambo, ipunguze mwendo. Ipunguze tu, haina haja ya kusimama."

"Asante, baba," Ubao alisema. Alimaanisha.

Baada ya muda Mama Vifungo akarudi hewani. Treni imesimama. Watu wameshuka, wanauliza Ubao anasemaje. Mzee ameshuka naye, amemshika mkono.

"Mpe simu niongee naye."

Sauti ya baba ilikuja kutoka mbali, sauti ya mtu anayeshika simu kinyume. "Halo? Nani?"

"Ni mimi, baba. Mwanao."

"Mwanangu yuko hapa," mzee alisema, bila ubishi. "Nimemwona kule stesheni. Kitambaa cha njano, kama alivyosema kaka yake. Nikamwita, hakusikia. Mtoto yule tangu mdogo, ukimwita ndiyo kwanza anakimbia. Nikamwona anapanda, nami nikapanda. Nimemtafuta viti vyote."

Mzee hakuwa amefuata watu. Katika akili ile iliyobomoka alikuwa amemtambua mwanawe, amemwita kwa jina, na mwanawe amepita mbio kwenda kumtafuta.

"Baba, nilishuka. Nilishuka mlango mwingine. Sikukuona."

"Usiseme hivyo, mama, hata kama hunijui. Mwanangu hawezi kupanda akaniacha." Halafu sauti ikachangamka kama ya kijana. "Aa! Si yule pale!"

"Baba? Nani? Baba!"

Simu ilikwaruza. Ikawa ni Mama Vifungo, anapiga kelele. "Ameniponyoka! Mzee, rudi! Jamani mshikeni!"

"Anakwenda wapi?"

"Ng'ambo! Kuna mtu wa reli kule ng'ambo ameinua bendera ya njano. Ubao, anaifuata ile bendera! Anashuka jukwaani, anaingia relini!"

Bwana Subiri alitazama saa ya ukutani, na rangi ya uso wake ikabadilika. "Ya kasi," alisema. "Ya kasi iko karibu kuingia pale."

"Mpigie dereva!"

"Sina namna ya kumpata dereva. Nawapata wa njia panda tu." Alikuwa ameshainua simu. Kule iliita, ikaita. Aliyetakiwa kuipokea ndiye yule aliyekuwa nje ameshika bendera.

Kile kipaza cha njia panda kinafanya kazi. Ubao na mtangazaji walilikumbuka hilo kwa wakati mmoja. Msichana alibonyeza kitufe cha njia panda, akampisha kiti, lakini Ubao hakukaa. Alikishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili.

"Baba! Ni mimi mwanao! Simama! Simama hapo hapo ulipo, usiende popote, nakuja kukuchukua!"

Kwenye simu yake, aliyoiacha mezani, alisikia sauti yake mwenyewe inarudi kutoka njia panda, safi, haina mkwaruzo, kila neno limekaa mahali pake. Tangazo la kwanza kueleweka kwenye reli ile tangu wengi wetu tuanze kupanda treni.

Akainyakua simu.

"Mama Vifungo? Amesikia?"

"Amesikia. Tumesikia wote."

"Amesimama?"

"Amesimama, Ubao. Amegeuka, anatabasamu, anatafuta sauti inatokea wapi."

"Mungu wangu, asante." Ubao akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Msichana akamshika bega. Hata Bwana Subiri alivua kofia.

"Ubao." Sauti ya Mama Vifungo ilikuwa imebadilika. "Amesimama katikati ya reli. Tunamwita asogee, hasogei. Anasema, mwanangu ameniambia nisiende popote."

Na nyuma ya maneno hayo, ndani ya simu, ikalia honi.